Aliyeagwa Akarudi

Walimuaga Jumamosi, wakamuaga vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Kama wangemwacha aondoke alfajiri na mabegi yake bila kelele, hata kurudi kwake kungekuwa bila kelele. Lakini wapangaji wenzake walichangishana, wakatandika mikeka uani, wakakodi spika, na kinyozi wa chumba cha mbele akajiteua kuwa mshereheshaji. Mtu akishaagwa kwa spika harudi hivihivi.

Walimwita Mpita Njia. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Tangu alipohamia pale akiwa kijana anayejifunza kufunga vioo vya madirisha, kila aliyemuuliza lolote kuhusu mji alijibiwa kwamba yeye hapa ni mpita njia tu, kwao ni kule. Maji yakikatika, yeye mpita njia. Kodi ikipanda, yeye mpita njia. Alioa akiwa mpita njia na akapata binti akiwa mpita njia. Binti akasoma, akawa fundi cherehani, akapanga chumba chake upande wa pili wa mji, na baba yake bado anapita.

Sasa nyumba aliyoijenga kwao kidogokidogo, kwa vipindi virefu vya kusimama na vifupi vya kuendelea, ilikuwa imeezekwa. Kaka yake mkubwa alimpigia simu kumwambia kwamba milango imeshafungwa, kilichobaki ni mwenyewe kuingia. Mpita Njia aliitangaza habari hiyo uani siku hiyohiyo, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Kinyozi alipompa kipaza sauti aseme la kuagia, aliusema mji kuanzia vumbi hadi mwenye nyumba. Alisema huu ni mji ambao mtu anaweza kuanguka barabarani na wenzake wakamruka wakienda kununua mkate. Alisema jirani wa mjini ni ukuta wenye kikohozi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye kicheko kikamlevya, akaongeza mengine ambayo hakuwa ameyapanga. Haikumpitia akilini kwamba kuta zenye kikohozi ndizo zilizoketi mbele yake, wala kwamba koti zito walilomvalisha, kwa kuwa kwao kuna baridi, lilitoka mifukoni mwao. Siku hizi hotuba hiyo ikitajwa hujifunika uso kwa kiganja, kisha husema mwenyewe yale maneno yaliyosahauliwa na msimuliaji.

Mkewe alikaa na wanawake wenzake, sahani mapajani, hakucheka wala hakununa. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni iliyo nyuma ya soko, mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo na kurudi jua likizama, mikono ikinuka kitunguu. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ilibaki amalizie mwezi, akabidhi jiko, ndipo amfuate mumewe. Jirani alipomuuliza kama kweli atawaacha, alijibu kwamba maneno yameshasemwa mengi kwa leo, yeye akiongeza watashindwa kulala.

*

Siku za kwanza kwao zilikuwa tamu. Nyumba ilinuka saruji mbichi. Watu walikuja kumpa mkono, wakapapasa madirisha, wakayasifia, na yeye akaeleza kila kioo alikipataje. Alilala mchana kama mgonjwa. Alimpigia mkewe kila jioni kumwambia hewa ilivyo safi.

Kisha akaanza kuamka alfajiri bila sababu. Alilala chali akisikiliza, na baada ya muda akajigundua kuwa anasubiri kitu. Alikuwa akisubiri sufuria ya jirani ikwanguliwe. Alikuwa akisubiri ugomvi wa bombani, yule mama wa chumba cha kona akimwambia kila mtu kwamba ndoo yake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Alikuwa akisubiri kinyozi afungue redio na kuipiga konzi mpaka iseme. Badala yake palikuwa na ukimya mkubwa, safi, usio na mlango, na ndani ya ukimya ule alisikia tumbo lake mwenyewe.

Kazi nayo haikuwepo. Madirisha ya kule yalikuwa ya mbao, na yale machache ya kioo yalitunzwa kama mayai. Hakuna mtoto aliyepiga mpira ukavunja kitu. Mpita Njia alikuwa akipita barabarani akiyatazama madirisha mazima ya watu kwa huzuni, akajiona mwenyewe kuwa mtu mbaya.

Ndipo ulimi ukaanza kumsaliti. Akikaa na watu kibarazani husema, kule kwetu saa hizi chai ya barabarani imeshachemka. Kule kwetu fundi hasubiriwi. Kule kwetu ukiugua usiku kuna duka la dawa halifungwi. Hata mwenye nyumba, ambaye kwa maisha yake yote alimwita mnyonyaji, sasa alikuwa mtu mkali kidogo lakini ukiumwa anakuja kukujulia hali. Alikuja mara moja, na alikuja kuuliza kodi, ila Mpita Njia alikuwa ameshafika mahali ambapo hilo nalo aliliona ni kujuliwa hali.

Siku moja paliitwa mkutano wa kutengeneza njia ya kuelekea shuleni. Wazee waliongea kwa zamu, taratibu, kila mtu akimaliza wanamwachia nafasi ya kukohoa. Mpita Njia akasimama kabla ya zamu yake. Alieleza jinsi kule kwetu mitaro inavyochimbwa, jinsi kule kwetu kokoto zinavyopangwa, mambo ambayo kwa miaka yote aliyaona yakifanywa vibaya na kuyalaani. Walimsikiliza kwa adabu. Alipoketi, mwanamume mmoja aliyesoma naye darasa moja akamuuliza kwa upole, "Kwenu wapi, ndugu yangu?"

Mpita Njia aliinua mkono kujibu, na mkono wenyewe ukaelekea barabara kuu ya kwenda mjini. Aliuona ukiwa umeshafika hewani. Watu walicheka, si vibaya, lakini walicheka, na kabla ya jua kuzama watoto walikuwa wameshapata neno. "Kule Kwetu anapita," waliambiana walipomwona. Kule aliitwa Mpita Njia, huku akaitwa Kule Kwetu. Majina mawili, na yote yanamwambia hayupo.

*

Aliyelifumbua jambo hilo ni kaka yake. Jioni moja walikuwa wawili nje ya nyumba mpya, Mpita Njia amekunja mikono ya shati ananawa, na kaka akaliona kovu refu kwenye mkono wa kushoto, limetoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko. Akauliza ni la lini.

Mpita Njia alijibu kwamba ni la zamani, si kitu. Kaka akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Basi ikabidi kusimulia, na ilikuwa mara ya kwanza kulisimulia kwao. Alikuwa juu ya ngazi akipachika kioo kwenye duka la vitambaa, ngazi ikateleza, akashuka na kioo. Damu ilitoka nyingi. Mwanamume aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mizigo aliitupa mizigo yake chini, mali ya watu, akampakia yeye. Mwanamke mmoja alivua kilemba akamfunga mkono. Walimkimbiza hospitali wakipiga kelele watu wapishe. Alipoamka amefungwa bandeji, hawakuwapo.

"Ni akina nani?" kaka aliuliza.

"Sijui."

"Hukuwatafuta?"

"Niliwatafuta. Mji mkubwa. Lakini mpaka leo nikiona mkokoteni namtazama anayeusukuma."

Kaka aliokota kijiti akakichezea. "Miaka yote ulipokuja likizo," alisema, "ulituambia watu wa kule hawana utu. Mama alikufa akikuombea utoke salama mikononi mwao."

Mpita Njia aliendelea kunawa mikono iliyokwisha takata. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuisimulia habari ile kwa kuwa iliharibu hadithi yake. Mtu anayeponda mji hawezi tena kusema mji ulimbeba. Alijaribu kulieleza hilo kwa namna itakayomfanya aonekane ana busara, akashindwa, akajikuta anacheka, kisha macho yakamlowa, akasingizia sabuni.

"Nyumba yako haiendi popote," kaka alisema. "Wewe njoo kama mgeni, tutakupokea vizuri sana. Kama mwenyeji, ndugu yangu, unachosha."

*

Hapo ndipo angepaswa kupiga simu. Alijua kwamba siku ya Ijumaa mkewe anakabidhi jiko. Simu moja tu ingetosha, mama watoto, usikabidhi, subiri kwanza. Aliishika simu asubuhi akaiweka. Akasema baada ya chakula. Baada ya chakula akasema jioni gharama inakuwa nafuu. Mtu aliyeongea kwa spika mbele ya ua mzima alishindwa kuongea na mke wake kwenye simu, na Ijumaa ikamkuta ndani ya basi, ameliweka koti la kuagwa miguuni kana kwamba ni mbuzi aliyeibwa.

Aliingia mtaani mchana. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, mashine ikiunguruma, alipomwona kwenye kioo. Mashine ikazimwa. Mteja, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, akageuka naye kutazama.

"Umesahau nini?" kinyozi aliuliza.

Njia yote Mpita Njia alikuwa ameandaa maneno ya kusema kweli. Alikuwa ameyapanga vizuri, hata akayajaribu kimoyomoyo kwenye kila kituo. Lakini alipoona uso wa kinyozi na wa yule mtu wa nusu kichwa, mdomo ukatoa jambo jingine kabisa. "Nimemfuata mama watoto," alisema. "Nikaona si vizuri asafiri peke yake na mizigo."

Ikawa balaa. Mama wa chumba cha kona alisikia, akamwambia jirani, jirani akaita wengine. Walitoka wakampongeza. Walisema wanaume wa siku hizi hawana moyo huo, mwanamume katoka huko kote kuja kumshika mkewe mkono. Mmoja alimwambia mumewe, aliyekuwa amelala zake, aamke aone mfano. Mpita Njia alisimama katikati yao akipokea sifa, jasho likimtoka, na kila sifa ikamrudisha nyuma hatua moja kutoka kwenye ukweli.

Mkewe akaupata uongo huo getini kabla hajavua viatu. Aliingia chumbani amebeba mfuko wenye aproni yake na birika jipya alilopewa na walimu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mpita Njia hakuwa amekiona kwa muda mrefu, akataabika zaidi alipokitambua. Alikuwa amefurahi.

"Wameniambia umekuja kunichukua," alisema.

Chumba kilikuwa kimeshafungwa chote kwenye maboksi. Mpita Njia alikuwa amekalia mojawapo. Angeweza kusema ndiyo. Wangepanda basi kesho, naye angelala chali maisha yake yote yaliyobaki akisikiliza tumbo.

"Nimekuja," alisema.

"Kunichukua."

"Kukaa."

Mkewe aliweka birika juu ya boksi, taratibu. Akaketi kwenye boksi la pili, magoti yao yakakaribia kugusana kwa kuwa chumba chenyewe hakikuwa na nafasi ya watu kukasirikiana kwa mbali.

"Umejua lini?"

Alijaribu kusema jana. Akasema wiki iliyopita.

"Na mimi leo nimekabidhi funguo. Nimemwonyesha mwenzangu stoo, nimemwonyesha moto wa jiko la pili unavyosumbua, nimeagwa na watoto mistarini. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Niliona aibu."

"Basi aibu yako imekula kazi yangu."

Hakupandisha sauti. Mpita Njia alitamani aipandishe. Akaanza kusema kwamba na yeye, mkewe, alikuwa hataki kuondoka, alijua, alimwona siku ile ya kuagwa alivyokaa kimya. Mkewe akamkatiza.

"Nani kakwambia? Nilikuwa nataka. Nimepika kwenye masufuria makubwa kuliko mimi tangu ujana wangu. Nilishaanza kuota nalala mpaka jua linaingia ndani. Nilishachagua mahali pa kupanda mboga, kwenye picha uliyonitumia, pale pembeni ya tangi. Mji huu mimi nimeupenda waziwazi, na ndiyo maana naweza kuuacha. Wewe umeupenda kama mwanamume mwenye nyumba ndogo. Mbele za watu unamtukana, na usiku huwezi kulala kwingine."

Mpita Njia aliinamisha kichwa. Katika matusi yote aliyowahi kutukanwa, hilo ndilo lililomtoshea bila kupunguzwa.

"Sasa niambie," mkewe alisema. "Usichokipenda hapa nakijua kwa moyo, naweza kukiimba. Niambie unachokipenda. Usiponiambia kitu cha maana, kesho mimi napanda basi peke yangu naenda kwenye tangi langu."

Akaanza na hospitali. Akataja umeme. Akataja kwamba kazi zipo. Mkewe akamwambia hayo ni ya kwenye matangazo, aseme yake.

Akafikiri. Nje walikuwa wakimsikiliza, alijua, ukuta ulikuwa umeacha kukohoa.

"Kule wananijua tangu nazaliwa," alisema mwishowe, "kwa hiyo hakuna anayeniuliza kitu. Hapa hakuna aliyeniona nikikua, na kila siku mtu ananiuliza nimeamkaje. Yule mama wa chai pale duka la vioo anaweka sukari bila kuniuliza, halafu ananigombeza kwamba sukari itaniua. Nikipita barabara ya sokoni madirisha ni yangu. Ya zahanati ni yangu. Kuna moja pale juu ya duka la viatu nilipachika vibaya, limepinda, na huwa nainama nisilione, na kule nilikuwa nalikumbuka hilohilo lililopinda." Kisha akasema kwa sauti ndogo kile alichokuwa akikikwepa. "Na pia napenda kulalamika. Hapa nikilalamika watu wanaongezea na yao. Kule nikilalamika wananiuliza naumwa wapi."

Mkewe alijizuia. Alitazama birika, akatazama dari. Kicheko kilimshinda kikatokea puani, na nyuma ya ukuta mtu mwingine naye akashindwa.

"Nimecheka," alisema akijifuta macho. "Sijasamehe. Usichanganye."

*

Chumba chao kilikuwa kimeshaahidiwa maharusi wapya, na mwenye nyumba hakutaka kusikia hadithi. Hivyo wakabeba maboksi yaleyale hadi kwa binti yao na kulala chini ya meza ya cherehani. Kabla ya kuondoka uani, Mpita Njia alimpelekea kinyozi lile koti, amelikunja vizuri, amelibeba juani kwa mikono miwili. Alisema kweli yote, mbele ya wateja. Alisema hakumfuata mtu, alishindwa kukaa, na kwamba yale ya spika yalikuwa upuuzi. Kinyozi alilipapasa koti akafikiri. Akasema michango ya watu hairudishwi, itabidi walihesabu kuwa la kumkaribisha, ila sasa kwa kuwa hapa kuna joto, adhabu yake ni kulivaa. Akalivaa. Alitoka mtaani kifua mbele, jasho likitiririka, watoto wakimfuata.

Usiku wa kwanza binti aliwapikia, akawasikiliza wote wawili, akala bila kusema mengi. Alikuwa na mkono wa mama yake na kidevu cha baba. Alipokuwa akikusanya vyombo ndipo akasema, kama mtu anayetaja bei ya uzi, "Baba, mimi nimezaliwa hapa. Ulipokuwa unasema watu wa hapa hawafai, na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo nafanya kazi za shule."

Mpita Njia alisema hakuwa na maana yake yeye.

"Najua. Ila hukuwahi kusema, 'isipokuwa wewe.'"

Alitaka kulisema sasa, lakini aliona kwamba likisemwa usiku ule litakuwa dogo mno. Akaomba aoshe vyombo. Akavunja bilauri, yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa vioo, na hakuna aliyemcheka.

Jumatatu mkewe alirudi shuleni kuomba kazi. Mpita Njia alimsindikiza mpaka getini, akasimama pale na mlinzi akijifanya anatazama nondo za madirisha ya bweni. Mkewe alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisema jiko lina mpishi mkuu mwingine, yule dada ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukoroga uji usishike mabonge, na sheria hairuhusu wawili. Wamempa nafasi ya msaidizi. Atakuwa anamenya na kuosha.

"Dada yule amelia," alisema wakitembea. "Anasema ataona haya kunituma. Nimemwambia anitume tu. Asiponituma uji utaungua."

Mpita Njia alisema atakwenda kuongea na mwalimu mkuu, ataeleza kwamba kosa ni lake. Mkewe akamwambia tayari ameongea vya kutosha kwa maisha haya. Walitembea hivyo mpaka barabara ya sokoni, naye kwa mara ya kwanza hakuinama kulikwepa lile dirisha lililopinda. Aliliangalia. Lilikuwa limepinda kuliko alivyokumbuka.

*

Chumba walichokipata kilikuwa nyuma ya karakana ya kutengeneza mageti, bei yake nafuu kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba alikuwa bibi mwembamba, funguo zote kaziweka mfuko mmoja wa sweta, akitembea zinalia. Aliwafungulia akasimama mlangoni. Ukuta mmoja ulikuwa na ramani ya unyevu. Dirisha lilikuwa na fremu nzima lakini kioo hakuna, mtu alikuwa ameziba kwa kipande cha boksi na utepe.

Mke alizunguka, akabonyeza sakafu kwa kisigino, akauliza kuhusu maji na taka. Mpita Njia alihisi malalamiko yanapanga foleni kooni, unyevu, ukubwa, harufu ya chuma kilichoungua. Akayameza moja baada ya jingine, na yalikuwa makavu.

"Mtakaa muda gani?" bibi aliuliza. "Mimi sina nguvu za kutafuta mpangaji kila baada ya miezi miwili."

 Mkewe aligeuka, akakunja mikono, akamtazama mumewe, na kwa muda ule ilikuwa kama chumba kina wenye nyumba wawili.

"Tutakaa," Mpita Njia alisema.

"Nimeuliza muda gani."

"Mpaka utuzoee, bibi. Halafu utuchoke. Halafu utuzoee tena."

Bibi hakuona cha kuchekesha. Alisema sawa, ila dirisha yeye halitengenezi. Anayetaka kioo aweke kwa gharama yake, na akihama kinabaki na nyumba. Mpita Njia alikuwa ameshafika dirishani, ameng'oa boksi na anapima fremu kwa shubiri. Alisema kitabaki.

Bibi akachomoa ufunguo kutoka kwenye fungu akampa mama, si baba, akaondoka funguo zikilia kama kengele. Na palepale, nje ya dirisha lisilo na kioo, fundi wa mageti akaanza kugonga. Aligonga kama mtu anayedai kitu kutoka kwenye chuma. Maboksi yalitetemeka, birika la walimu likaimba kifuniko.

"Hizi nazo ni kelele gani?" Mpita Njia alisema, na maneno yalikuwa yameshatoka kabla hajayashika. "Mtu atapumzikaje humu? Kesho asubuhi nakwenda kumsema huyo fundi."

Mkewe alikuwa amechuchumaa, anafungua boksi la vyombo.

"Kamseme," alisema. "Ila msalimie kwanza."